Nilijiunga kwa Sababu ya Kuku

Sikuingia klabu ya vijana kwa kupenda maendeleo. Niliingia kwa sababu ya kuku. Mwaka 2018 nilikuwa na miaka 17, nimeacha shule kidato cha tatu kwa kukosa michango ambayo shule ilikuwa imekataa kuiita karo, na rafiki yangu akanieleza kwamba kila anayejiandikisha anapewa tetea mmoja. Nilipiga hesabu hapo hapo: tetea atataga, mayai yatauzwa, Krismasi itanikuta na gauni jipya. Rafiki yangu hakunieleza sehemu ya pili, kwamba ukipewa mmoja unarudisha wawili ili wapewe wengine.

Kijiji chetu kiko wilaya ya Busia, upande wa Uganda, kando ya barabara inayotoka mjini kuteremka hadi Majanji, ziwani. Huku mtu huamka Uganda, akanunua sukari Kenya, akarudi kula cha mchana kwake bila kuona ajabu yoyote. Jina la bodaboda limezaliwa mipakani huku, kwa vijana wa baiskeli waliobeba abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine wakiita "boda, boda!" Wavulana wengi wa rika langu walikuwa ama wanaendesha pikipiki, ama wanaitafuta ya kuendesha, ama wanapitisha mizigo njia za panya usiku. Wasichana tulikuwa tunangojea kuolewa, hata kama hakuna aliyelisema hivyo.

Klabu ilikutana Jumamosi saa tisa alasiri, chini ya mwembe wa shule ya msingi. Mlezi wetu alikuwa bwana shamba mstaafu. Tulimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kushika chaki. Alikuwa na buti za mpira, baiskeli isiyo na breki, na hotuba ndefu.

Ugomvi wa kwanza niliouona pale haukuwa wa pesa. Ulikuwa wa lugha. Kati yetu kulikuwa na Wasamia, Wagwe, Waiteso, vijana wawili waliokulia Kenya, na dada mmoja aliyeolewa huku akitokea Buganda. Kumbukumbu za mkutano ziandikwe kwa lugha gani? Kiingereza kingenyamazisha nusu ya wanachama. Kiganda kilikataliwa na waliosema hapa si Kampala. Kilipotajwa Kisamia, Waiteso wakauliza wao wataketi wapi. Mwishowe tukaangukia Kiswahili, lugha ya sokoni na mpakani, ambayo kila mmoja wetu alikuwa anaivunja kwa namna yake. Bibi yangu aliposikia aliguna. Kwake yeye Kiswahili ni sauti ya askari kwenye vizuizi vya barabara enzi za Amin: "Lala chini! Toa pesa!" Nikamwambia kwamba tangu 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi. Akaniuliza kama wale askari walikwisha kuarifiwa.

Nilichaguliwa katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na, nadhani, kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka ukatibu.

Mambo mengi tuliyofundishwa mwaka ule ningeweza kuyapitia haraka. Kutengeneza kibuyu chirizi cha kunawia mikono kwa dumu, kamba na kijiti cha kukanyagia. Kushona taulo za hedhi za kufua, somo ambalo wavulana waliingia wakicheka na kutoka wakiwa wameshona vizuri kuliko sisi. Kitalu cha nyanya. Mbolea ya mboji. Na uraia. Mwalimu alikuwa na nakala ya Katiba ya 1995 iliyoliwa pembe na panya. Alitusomea ibara ya kwanza, kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, na ya 17, yenye orodha ya wajibu wa raia, pamoja na kupambana na rushwa na ubadhirifu wa mali ya umma. Tuliitikia kama kasuku. Kama ungenisimamisha njiani Jumapili yake ukaniuliza ibara ya 17 inasemaje, ningekutazama tu.

Julai ilipofika likaja jambo lisilohitaji kukaririwa. Uchaguzi wa wenyeviti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ulikuwa haujafanyika nchini tangu 2001, mwaka niliozaliwa. Maisha yangu yote nilikuwa nimemjua mwenyekiti mmoja, mhuri mmoja, na "ada" moja ya barua ya utambulisho ambayo haikuandikwa popote. Tarehe 10 Julai 2018 wapiga kura walipanga mlolongo, kila mtu nyuma ya mgombea wake. Mwalimu akatuita sisi wanne tusiofika miaka 18, akatupa karatasi na kalamu. Kila mlolongo uhesabiwe na watu wawili, mbalimbali, bila kuonyeshana.

Mlolongo mrefu mwenzangu aliuhesabu akapata 143. Mimi nilipata 151. Kila mmoja akaapa kwamba yeye ndiye sahihi. Tuliporudia tukagundua kosa: waliochelewa walikuwa wanajipenyeza katikati, karibu na jamaa zao, na mimi nilikuwa nawahesabu tena nikirudi nyuma. Nilishangaa jinsi ilivyo rahisi kukosea na kuwa na uhakika kwa wakati mmoja. Mwenyekiti wa zamani alishinda, tena kihalali, na wengine tulishusha pumzi kwa huzuni.

Kilichonikaa zaidi ni kingine. Mama yangu alisimama nyuma ya mpinzani. Baba mdogo alikuwa upande wa pili, akamwona. Kuanzia siku ile hadi Krismasi alipita mbele ya nyumba yetu bila salamu. Jumamosi iliyofuata nikamwuliza Mwalimu: si ulitufundisha kura ni siri? Akakuna kichwa. Akasema sheria ya ngazi ya kijiji ndivyo ilivyo, mlolongo ni wa gharama nafuu, matokeo yanaonekana na wote. Nikamwambia hata mama yangu ameonekana na wote. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Kwenye kumbukumbu za siku ile niliandika: "Swali limebaki." Nadhani hilo ndilo jambo la kwanza la kweli nililoandika katika daftari lile.

Kuku wangu alikufa Januari 2019. Kideri huku huja na kiangazi, na Mwalimu alikuwa ametuonya. Alileta chanjo kutoka mjini ndani ya kikapu chenye kitambaa kilicholoweshwa, tone moja kwenye jicho, siku moja tu. Siku hiyo mimi nilikuwa Tororo kwenye harusi ya binamu. Wiki tatu baadaye tetea wangu alipinda shingo, akaanza kuharisha kijani, akafa pamoja na vifaranga sita kati ya wanane. Nilikwenda mkutanoni nikiwa nimejiandaa kwa huruma. Nilieleza vizuri sana, hadi nikatokwa na machozi. Kisha wakapiga kura: 11 walisema deni libaki, 6 walisema nisamehewe. Nikaongezewa msimu mmoja. Kwa kuwa mimi ndiye katibu, uamuzi huo niliuandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu unaosomeka, jina langu na neno "anadaiwa". Niliwachukia wale 11 kwa majina, mmoja mmoja. Rafiki yangu aliyeniingiza klabu alikuwa mmoja wao.

Nilirudisha wale tetea wawili mwaka mmoja baadaye. Sitadai kwamba niliwashukuru.

Sasa nije kwenye kopo. Pesa za klabu zilitokana na faini za kuchelewa, nyanya za kitalu, na kukodisha toroli. Mweka hazina alizihifadhi kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda chake. Kila mkutano mwenyekiti aliuliza, "Mweka hazina, pesa zipo?" Naye akajibu, "Zipo." Tukapiga makofi. Nami nikaandika: "Pesa zipo."

Oktoba 2019 tulihitaji kununua miche. Jumamosi ya kwanza mweka hazina alikuwa na homa. Ya pili alikuwa na msiba. Ya tatu alikuja, akaketi kwenye mzizi wa mwembe, akalia. Kati ya shilingi 340,000 zilibaki 130,000. Mama yake alikuwa amefanyiwa upasuaji, na kila mtu kijijini alijua kwamba alikuwa amefanyiwa upasuaji, na hakuna aliyejiuliza pesa zilitoka wapi. Wengine walitaka polisi. Wengine wakasema yule ni ndugu yetu, tuyamalize kindugu. Nilifungua daftari nikitafuta lini mara ya mwisho pesa zilihesabiwa mbele ya watu. Niligeuza kurasa za miezi saba. Hakuna. Palikuwa na "pesa zipo, pesa zipo, pesa zipo," yote kwa mwandiko wangu.

Alilipa 15,000 kila mwezi kwa miezi 14. Hatukumfukuza. Leo ana kibanda cha vipuri vya pikipiki mjini Busia na bado ni mwanachama, na ndiye mkali kuliko wote pesa zinapohesabiwa.

Baada ya hapo ndipo tukaleta sanduku. Wengi mnalijua: la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu ambao si viongozi. Halifunguliwi ila kwenye mkutano. Pesa zinahesabiwa kwa sauti, na kabla ya kufunga kila mtu anatakiwa akariri salio, ili mkutano ujao kumbukumbu ya vichwa vyote ilinganishwe na kilichomo. Mwalimu alitueleza kwamba mtindo huu ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, ukafika Uganda mwishoni mwa miaka ya tisini. Tuliuona kama mtindo wa watu wasioaminiana. Mwalimu hakukana.

Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa ajili ya korona. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, watu hapana. Mmoja wa wenye funguo, dada mwenye ufunguo wa kufuli ya katikati, alikuwa amekwenda Bumala, upande wa Kenya, kumwona dada yake aliyejifungua. Alikwenda kwa siku nne. Akakaa miezi.

Ndani ya sanduku kulikuwa na shilingi 612,000, nje kulikuwa na njaa. Soko limefungwa, boda haziruhusiwi kubeba abiria, na watoto wote wako nyumbani wanakula. Tulikutana wachache wachache, si kihalali sana, tumekaa mbali kama watu waliogombana. Mmoja wetu ni fundi wa kuchomelea. Alisema kufuli ile ataikata kabla chai haijapoa. Tukatafuta kwenye katiba ya klabu: hakuna neno juu ya ufunguo uliovuka mpaka. Wenye watoto walitaka ikatwe. Aliyekuwa mweka hazina, yule yule wa kopo, akasimama akasema yeye pia mwaka jana alikuwa na sababu nzuri. Pakawa kimya. Sijawahi kusikia hotuba fupi kama ile ikifanya kazi kubwa kama ile.

Tukaamua kwamba itakatwa, lakini mpaka wanachama wote wawepo, hata kama ni kwa mafungu mawili. Kabla siku haijafika ufunguo ukaja. Dada alimpa dereva wa lori, jirani wa dada yake, akauacha kwenye kituo cha mafuta ukiwa umefungwa ndani ya pakiti ya unga. Siku zile madereva wa malori walikuwa wanaogopwa kuliko chui. Pakiti ililetwa imeshikwa kwa kijiti. Ufunguo ukawekwa juu ya jiwe na hakuna aliyetaka kuugusa, mpaka Mwalimu akauchukua, akausugua kwa sabuni mara tatu chini ya kibuyu chirizi tulichokuwa tumekitengeneza mwaka 2018 na kukisahau. Tulihesabu: 612,000. Mkutano ule ule tukaongeza kifungu, kwamba mwenye ufunguo akitoka nje ya parishi, yaani eneo letu la utawala lenye vijiji kadhaa, amwachie mwanachama asiye wa nyumba moja na mwenye ufunguo mwingine.

Kuhusu mahindi nina mengi, kwa sababu ndiyo yanayonilisha sasa. Mwalimu alitufundisha kupima unyevu kwa chumvi. Unachukua chupa kavu inayoonyesha ndani, unatia punje hadi theluthi, unaongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, unafunga, unatikisa dakika chache, kisha unaiacha itulie kama robo saa. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi bado mabichi, unyevu umezidi asilimia 15, yarudishe juani. Ikianguka yote chini, unaweza kuyaweka ghalani. Haihitaji umeme wala mtaalamu.

Inahitaji chumvi kavu. Hilo nililisikia kwa sikio moja. Msimu wangu wa kwanza kama mpimaji wa klabu nilitumia chumvi ya jikoni kwa mama, iliyokuwa imekaa karibu na sufuria ya ugali na kunywa mvuke wote wa nyumba. Mahindi ya kila mtu yalishindwa. Baba mdogo, ambaye sasa alikuwa anatusalimu, aliyaanika yake siku tatu zaidi juu ya turubai, akayaleta, yakashindwa tena. Siku ya nne alichukua chupa yangu, akaitikisa bila punje hata moja ndani. Chumvi ikaganda kwenye kuta. Alinitazama, akanirudishia chupa, akaondoka bila neno. Siku hizi chumvi ya kupimia naikaanga kwenye kikaango kwanza, ikipoa naifunga kwenye kijaluba chake.

Machi 2021 tulikuwa na magunia 14 ya msimu wa pili, tumeyaweka tukingoja bei ipande upande wa Kenya. Tarehe 5 Kenya ikasimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania, ikisema yamekutwa na sumu kuvu. Malori yakapanga foleni Busia, bei ikaporomoka kwa usiku mmoja, na walanguzi wakaanza kupita vijijini wakitoa bei ya dharau. Marufuku yenyewe haikudumu, baada ya siku chache iliondolewa kwa masharti: mfanyabiashara awe amesajiliwa, na shehena iwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Ningependa kusimulia kwamba chupa ya chumvi ilituokoa. Haikutuokoa. Chumvi haipimi sumu, inapima unyevu tu, na ule ukungu unaotoa sumu unaweza kuwa umeanza shambani au pale tulipomwaga mahindi kwenye udongo mtupu kabla hatujanunua turubai. Mlanguzi nilipomwonyesha chupa alicheka hadi akashika kiuno. Lakini baadhi ya madarasa yalikuwa yamerudi shuleni na mkuu wa shule moja alikuwa anatafuta mahindi ya posho. Yeye hakucheka. Aliomba tumtikisie mbele yake, akauliza tuliyaanika juu ya nini, tangu lini, na nani aliandika. Nikafungua daftari. Alinunua magunia sita kwa bei ya kawaida. Manane yaliyobaki tuliyauza kwa hasara na mimi nikaandika hasara.

Mwaka 2022 ukaja Mpango wa Maendeleo wa Parishi wa serikali, ule wa shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka na milioni moja kwa kaya. Vijana wametengewa asilimia 30. Kwenye mkutano wa parishi majina ya watakaopewa pesa yalisomwa haraka, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo. Watu wakapiga makofi. Yale makofi niliyatambua. Nikajikuta nimesimama, magoti yanagongana, naomba orodha ibandikwe ukutani. Nikaambiwa nisiwe na haraka. Dada wa ufunguo akasimama pia. Kisha aliyekuwa mweka hazina. Kisha, na hili sikulitegemea, baba mdogo.

Orodha ilibandikwa baada ya wiki mbili. Ilikuwa na majina mawili ya watu ambao tulijua hawaishi parishi yetu. Jina moja liliondolewa. La pili lilibaki, na hadi leo sijapata maelezo.

Mwalimu hawezi tena kupanda baiskeli. Tunamfuata sisi, mkutano wa kila mwisho wa mwezi unafanyika uani kwake, naye anasinzia kwenye kiti hadi pesa zianze kuhesabiwa. Mimi bado ni katibu, nina watoto wawili na mizani yangu mwenyewe ya mahindi. Mwezi uliopita msichana wa miaka 16, aliyejiunga juzi tu na ambaye bado anadaiwa tetea wawili, aliinua mkono akasema, "Samahani, dada katibu, kumbukumbu za mkutano wa mwezi wa tatu ziko wapi?"

Nilianza kueleza kuhusu mvua, na mtoto aliyekuwa na homa, na kalamu. Nilieleza vizuri. Mwalimu akafumbua macho. Wakapiga kura, na faini ikawa shilingi 500. Nililipa, nikafungua ukurasa mpya na kuiandika, maana daftari lilikuwa mikononi mwangu.